Farasi jike ananikunjia masikio na ameshaniuma. Naweza kumrudisha awe rafiki? (Tanga)

Kijana_wa_Pongwe:
Wakuu habari za jioni, na wa kwetu assalaam alaykum.

Naomba ushauri na naomba msinicheke sana. Nimekulia Pongwe na mbuzi na ng'ombe wa mzee, baadaye nikaendesha bodaboda miaka minne. Tangu mwezi wa tatu niko kwenye shamba moja upande wa Mwambani. Zamani lilikuwa la mkonge, sasa ni michungwa na minazi. Bosi kaleta farasi wawili kutoka Arusha. Dume kahasiwa, hana neno, ukimpa nyasi mmeshakuwa ndugu. Shida ni jike, kahawia mwenye doa jeupe pajini, tunamwita Zuhura.

Nikiingia bandani na ndoo ya pumba ananigeuzia makalio. Nikizunguka nije mbele anakunja masikio mpaka yanalala shingoni. Nikifunga tandiko anapigapiga mkia kama anafukuza inzi, na inzi hakuna. Wiki mbili zilizopita kaniuma begani, alama ninayo. Bosi anasema ananijaribu, nimwonyeshe mkubwa nani, kaniachia fimbo ya mpera. Nilimchapa mara mbili. Sasa hata nikikohoa getini anarusha kichwa juu.

Ninachotaka kujua, huyu mnyama anasema nini? Na farasi aliyekwisha kukuchukia anarudi, au nitafute kazi nyingine? Ng'ombe namwelewa hata gizani. Huyu simwelewi.

RahaYaTanga:
Mkuu, makalio ndiyo jibu lenyewe. Mimi mke wangu akinigeuzia mgongo silazimishi, nakwenda barazani kunywa kahawa.

Natania ndugu yangu. Nimeweka kiti nasubiri wajuzi.

BoritiNene:
Fadhila ya punda ni mateke, na farasi ni punda aliyevaa suti. Bosi wako yuko sahihi. Mnyama wa kilo mia nne akigundua unamwogopa umekwisha. Ongeza fimbo, wiki moja tu atanyooka.

Saisi_Mstaafu:
Mleta uzi, mwanangu, weka hiyo fimbo chini kwanza. Nimekuwa saisi, yaani mtunza farasi, miaka kumi na tisa, Nairobi kwenye mazizi ya farasi wa mbio, kisha Arusha. Sasa nipo Chumbageni nauza maji, magoti yamekataa.

Wewe umeandika kila kitu alichokuambia, ila hujui kama umeandika. Tuanze na masikio. Farasi huyazungusha moja moja, hili mbele, lile nyuma, na sikio linapoelekea ndipo akili yake ilipo. Yakigeuka nyuma kwa ulegevu anasikiliza kitu nyuma yake, au anamsikiliza aliyempanda, hapo hakuna ugomvi. Yakibanwa bapa shingoni, pua ikakunjamana, mdomo ukakaza, ni onyo. Yakining'inia pembeni kama mbuzi wa mchana, mguu mmoja wa nyuma kaupumzisha kwenye ncha ya kwato, amelegea anasinzia. Usimshtue hapo.

Sasa pima mpangilio wako. Kwanza alikugeuzia makalio: "sitaki". Hukusikia, ukazunguka. Akakunja masikio: "nimesema sitaki". Ukaendelea. Akapiga mkia. Ukaendelea. Ndipo akauma. Huyu alipandisha ngazi moja moja, kiziwi ulikuwa wewe. Na ukimchapa farasi kwa kukunja masikio unamfundisha jambo baya sana: kuuma bila kutoa onyo. Farasi wa namna hiyo nimewaona wawili tu, na wote nilikuwa nawaogopa kweli.

Kitu kingine, macho yake yako pembeni ya kichwa. Anaona karibu mzunguko mzima, ila kuna sehemu mbili haoni: mbele kabisa ya paji la uso, na nyuma ya mkia. Ukimjia moja kwa moja usoni mkono umenyooka kama unasalimia mgeni, mkono unapotelea pale pale asipoona. Njoo kwa upande wa bega, kwa kujipinda kidogo, ukiongea ajue uko wapi. Usimkodolee macho.

Kazi yako ya wiki ijayo: tafuta ndoo, igeuze, kaa juu yake ndani ya uwanja wake jioni, nusu saa. Hakuna kamba, hakuna karoti mfukoni, hakuna kumwita. Soma simu yako. Akija, mwache anuse. Akiondoka, mwache aondoke. Mnyama asiye na ruhusa ya kuondoka hawezi kuamua kubaki, na wewe unachotaka ni abaki kwa kupenda. Siku atakayokusimamia, mkune pale shingo inapokutana na mgongo. Ndipo wao wenyewe wanapokunana kwa meno. Ukiona mdomo wa juu unarefuka na kutetemeka, umepata mahali. Kisha simama uondoke wewe kwanza, kabla hajachoka na wewe.

Mchukuzi_Pangani:
Mzee hapo juu apewe soda.

Mimi ni wa punda, nabeba mchanga na nazi. Hiyo methali ya fadhila ya punda nimeisikia tangu utoto, na waliotunga nadhani hawakuwahi kumtazama punda kabla ya teke. Punda wangu akitaka kupiga hukaza mgongo, hubana mkia, husogeza uzito kwenye mguu mmoja. Muda wote huo mwenye punda anaongea na simu. Teke likimfika, punda hana shukurani.

Tofauti ni kwamba punda akiogopa husimama kama nguzo, watu wakasema mkaidi. Farasi akiogopa hukimbia. Ukimfunga kamba fupi asiweze kukimbia, kinachobaki ni meno na mateke. Kaka, unapomvisha tandiko huwa umemfunga fupi?

Kijana_wa_Pongwe:
Mzee wangu shikamoo, nimesoma mara tatu. Kaka wa Pangani umenigusa, ndiyo, namfunga fupi kwenye nguzo ili asiniume.

Halafu nimekumbuka kitu. Haumi wakati wote. Mara zote tatu alizojaribu ni nilipovuta mkanda wa tumboni. Na nikimpitishia brashi mgongoni upande wa kushoto, nyuma kidogo ya bega, ngozi inacheza na anazama kama anakwepa. Kulia hafanyi hivyo. Nilidhani ni deko.

Daktari_wa_Mifugo_TGA:
Hilo ulilokumbuka ndiyo habari yenyewe, uzi ulipaswa kuanza hapo. Usimvishe tandiko tena mpaka aangaliwe. Anayezama mgongo upande mmoja na kuuma mkanda ukivutwa, mimi nadhani maumivu kabla ya tabia. Inaweza kuwa tandiko halimkai, jipu, msuli, hata vidonda vya tumbo. Siwezi kusema nikiwa kwenye simu. Aje daktari ampapase.

Wakati unasubiri, tazama uso wake akiwa peke yake, hajui uko. Mwaka 2014 watafiti walitoa kipimo cha maumivu kinachosomwa kwenye uso wa farasi tu: masikio yamekaza kuelekea nyuma, jicho limebanwa nusu, mfupa wa juu ya jicho unajitokeza, misuli ya taya imekaza, mdomo umebanwa na kidevu kinaonekana, pua zimevutwa. Farasi huficha maumivu kwa kuwa porini mgonjwa ndiye anayeliwa, lakini uso unasaliti.

Na jifunze kupima. Mshipa uko chini ya taya, weka vidole (si dole gumba), akiwa ametulia utahesabu kati ya mapigo 28 na 44 kwa dakika. Joto 37.5 hadi 38.5. Ukimkuta anakwangua ardhi kwa mguu wa mbele, anageuka kutazama ubavu wake, analala na kugaragara, hataki kula, hapo usiandike uzi. Piga simu usiku huo huo. Hilo ni tumbo, na farasi hana uwezo wa kutapika, kilichoingia hakirudi.

Nje ya mada kidogo, kwa kuwa mko pwani: aingie bandani kabla ya magharibi. Usubi wa jioni na usiku ndio wanaosambaza ugonjwa wa farasi wa Afrika, na unaua haraka. Punda na pundamilia hauwasumbui sana, farasi hawana bahati hiyo.

Mwalimu_Ngamiani:
Mimi sina farasi, nina kisa.

Berlin, miaka ya mwanzo ya 1900, wakati reli ya Wajerumani ya hapa kwetu bado inasogea kuelekea Mombo, kulikuwa na farasi aitwaye Hans. Mwenyewe alikuwa mwalimu wa hisabati, Wilhelm von Osten. Ukimuuliza Hans tano kuongeza saba, anagonga kwato mara kumi na mbili anaacha. Mwaka 1904 kamati ikamchunguza, haikuona ujanja. Baadaye mtafiti Oskar Pfungst akagundua siri: muulizaji akiwa hajui jibu, Hans naye hajui. Hesabu hakuwa akizijua. Alikuwa akitazama watu. Idadi ikifika, muulizaji hulegea shingo au kuinua kichwa kidogo sana bila yeye mwenyewe kujua, na Hans anaacha kugonga.

Sasa kijana, ukiingia bandani bega linakuuma, umebana pumzi, umeshika fimbo na moyoni unasema "leo akijaribu", unadhani Zuhura haoni? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex mwaka 2016 waliwaonyesha farasi picha tu za uso wa mtu, mwenye hasira na mwenye furaha. Ya hasira iliwapandisha mapigo ya moyo haraka zaidi. Picha hiyo, si mtu.

BoritiNene:
Sawa, mmenizidi kwa wingi. Lakini mnamdanganya kijana. Huyo mnyama akiamua kumpitia juu, ndoo na pumzi hazitamsaidia.

Saisi_Mstaafu:
Boriti, hapo umesema kweli na sitakubishia. Kumsikiliza si kumwachia akukanyage. Akikuingilia mwilini, jitanue, inua viwiko, sogea mbele hatua moja, sauti fupi. Akirudi nyuma tu, shusha mikono papo hapo, yamekwisha, usiendelee kumsuta. Jike mkubwa kundini hufanya hivyo hivyo, anakunja sikio moja na vijana wanapisha. Hana kinyongo cha jana. Kinyongo ndicho kinachomtisha farasi, hajui adhabu itaisha lini.

Na kijana, kulisha mkononi acha kwa sasa. Anayejifunza kutafuta mfuko mwishowe hutafuta kidole.

Jambo la mwisho, watu watakuambia farasi akitafuna hewa na kulamba midomo amekubali. Mimi nimeona mara nyingi akitafuna baada ya kuogopa, hofu inamtoka. Kwa hiyo ukiona, usishangilie. Jiulize umemtisha na nini.

Kijana_wa_Pongwe: *(baada ya wiki tano)*
Wakuu, nilikaa kimya, kazi ilikuwa nyingi. Narudisha majibu.

Daktari alikuja. Tandiko lilinunuliwa pamoja na dume, ni la mgongo mpana, Zuhura mwembamba. Lilikuwa linakaa juu ya mfupa upande wa kushoto, chini ya manyoya kuna uvimbe mgumu kama kokwa la embe. Ukiangalia kwa mbali huoni kitu, ukibonyeza anazama mpaka tumbo linashuka. Mimi nilikuwa nalibana hilo kokwa kila asubuhi, akilalamika namchapa. Nimeona aibu sana.

Kumwambia bosi ndiko kulikokuwa kazi. Alitaka ampande sikukuu mbele ya wageni. Nilimpeleka bandani, sikumwambia kitu, nikamwomba aweke kiganja chake pale. Zuhura akazama. Bosi akaondoa mkono, akakaa kimya, kisha akasema basi atampanda dume. Fimbo ya mpera sasa inashikilia mlango wa banda la kuku.

Ndoo: siku nne za kwanza hakuna. Alisimama kona ya mbali, sikio moja kwangu, jingine kwa dume. Siku ya tano alikuja hatua kumi, nikachangamka, nikainua kichwa, akaondoka. Yule Hans wa mwalimu nilimkumbuka hapo. Wiki ya pili akawa anakuja kunusa mgongo wangu nikiwa sitazami, napata pumzi ya moto shingoni, nywele zinasimama. Nilikuwa najilazimisha kutoa pumzi taratibu. Siku moja nilisahau, nikamshika kichwani kwa furaha, tukarudi mwanzo siku tatu nzima.

Kukuna amekubali upande wa kulia tu. Mdomo unarefuka kweli mzee, kama anataka kupiga mluzi. Kushoto bado ananitazama, sikio linakwenda nyuma, nami naondoa mkono. Masikio kuyabana shingoni sijayaona wiki ya pili sasa, isipokuwa kwa dume, na hayo ni ya kwao.

Leo jioni nilisinzia juu ya ndoo. Nimeamka kasimama pembeni yangu, mguu wa nyuma kaupumzisha, masikio yamening'inia, mdomo wa chini umelegea. Sikujua nifanye nini, nikabaki vile vile mpaka adhana.

Mdomoni alikuwa na ukili. Kofia yangu kala upande wote wa nyuma.

RahaYaTanga:
Hahaha! Mama yangu anashona kofia za ukili, nitakufanyia bei ya ndugu. Zako na za Zuhura.