Sabuni ya kufulia ya kutengeneza nyumbani: nitumie kipimo gani kwa maji ya chumvi?

Mama wa Kayole
Habari zenu wadau. Nina watoto watatu wa shule na mume fundi wa magari, na ovaroli za gereji mnazijua. Sabuni ya unga inaisha kabla mwezi haujafika kati. Jirani ameniambia nikwaruze sabuni ya kipande, nitie soda ya kuokea na siki, nikoroge vyote pamoja kwa maji moto. Kabla sijatoa pesa, naomba mwenye uzoefu aniambie kama hiyo kitu inafua kweli. Maji ya ploti yetu ni ya kisima, yana chumvi, na sabuni ya kipande haitoi povu hata usugue vipi. Ya mfereji yanakuja kwa zamu, hayo nayaweka ya kupikia.

Dobi wa Umoja
Mama, usichanganye hivyo. Siki ni asidi. Ikikutana na soda unaona povu jingi, ukidhani kazi imeanza, kumbe zinamalizana nguvu. Na ikiingia kwenye sabuni ya kipande inairudisha kuwa mafuta, utaona vidonge vyeupe vinaelea na kunata kwenye nguo. Siki iweke mbali, itumie maji ya mwisho baada ya kusuuza vizuri, nusu kikombe kwa karai kubwa. Taulo zinalainika, na harufu inaisha nguo zikikauka.

Unachohitaji ni magadi soda, ule unga mweupe unaopimwa kwa kilo kwenye maduka ya kemikali mjini, wanakonunua watu wa sabuni ya maji. Ni mali ya hapa kwetu, huchimbwa Ziwa Magadi, Kajiado. Soda ya kuokea ni ya upole mno kwa grisi. Lakini ikiwa ndiyo uliyo nayo, ikaange kavu kwenye kikaango cha chuma, moto wa wastani, ukigeuza. Mvuke na hewa ya kaboni vinatoka, na gramu 100 zikishuka hadi kama 63, imeshakuwa magadi soda.

Kipimo ninachotumia: gramu 200 za sabuni ya kipande, yaani robo ya mche wa gramu 800, iliyokwaruzwa laini na kukauka, na gramu 200 za magadi soda. Changanya, funika kwenye mkebe. Vijiko viwili vya mezani kwa karai, viyeyushe kwanza kwa maji moto kidogo, la sivyo utakuta chembe za sabuni zimeganda kwenye mifuko ya suruali.

Sasa maji yako, na hapa ndipo nataka usikimbilie kununua. Chukua chupa mbili safi, zitie maji ya kisima nusunusu. Moja weka magadi soda kiasi cha robo kijiko cha chai, tikisa, subiri dakika kumi. Kisha kila chupa itie vipande vichache vya sabuni, utikise kwa nguvu. Ile yenye magadi ikishika povu na nyingine ikibaki na utando wa kijivu, adui yako ni chokaa, na magadi huikamata. Kipimo changu kitakufaa. Zote mbili zikikataa, hiyo ni chumvi yenyewe, na magadi haiiondoi. Hapo usiharibu sabuni ya kipande. Loweka nguo kwa magadi soda peke yake, kamua, halafu fua kwa sabuni ya unga kidogo kuliko ulivyozoea. Bado utaokoa pesa.

Ovaroli: kwangua grisi nene kwa kijiko kikuukuu, loweka usiku kucha kwa maji moto, kijiko kikubwa cha magadi kwa kila lita tano. Asubuhi yale maji yatakuwa meusi. Yamwage, usifulie humo.

Mtengeneza Sabuni, Githurai
Dobi amesema yote ya kufua, mimi naongeza ya usalama kwa sababu kuna watoto. Usichemshe magadi soda kwenye sufuria zetu za alumini, inazila. Tumia ndoo ya plastiki au chombo cha enameli. Usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, mtoto hasomi maandishi, anaona chupa tu. Na siki isikutane na Jik hata kwa bahati mbaya: inatoa gesi ya klorini, na bafu zetu hizi hazina dirisha. Mikono nayo ivishe glavu, magadi hukausha ngozi hadi ipasuke.

Mama wa Kayole
Asanteni sana, Mungu awabariki. Chupa ya magadi imeshika povu, ile nyingine imebaki na utando! Swali moja tu: sweta za shule nazo naloweka?

Dobi wa Umoja
Hiyo ni habari njema, mama. Soma lebo ya ndani ya shingo. Akriliki fua kama kawaida, maji yawe vuguvugu. Ikiwa ni sufu halisi, magadi isiiguse. Sufu ni nywele za kondoo, na magadi huzidhoofisha. Tumia shampuu kidogo na maji baridi, usikamue kwa kusokota, ilaze juu ya taulo ikauke.