Wauza muvi Moshi na Arusha, acheni kuchinja filamu za makuruta!

Wakuu,

Uzi huu ni wa wauza muvi wa Moshi na Arusha pamoja na maDJ wanaowatafsiria. Filamu za vita za raia wanaochukuliwa jeshini kwa lazima mnaziharibu, tena mnaziharibu palepale penye utamu wake.

Filamu ya namna hii nusu nzima haina risasi. Ina barua ya wito, daktari, wembe kichwani, buti lisiloenea, kwata na sajini asiyecheka. Hapo ndipo karani anageuzwa askari. Nyie mnaona "hakuna mapigano", mnapiga mkasi. Matokeo yake mtazamaji anaanzia kwenye mabomu, watu wanakufa na hajui walikuwa nani.

Mfano ni The Way Ahead ya Carol Reed, 1944, Waingereza wa vita ya pili. Davenport ni bosi kwenye duka kubwa, Parsons ni mfanyakazi wa dukani humo. Wito unawachukua wote, wanalazwa hanga moja, wote kuruta. Filamu nzima imesimama juu ya jambo hilo: jana bosi na mtu wake, leo mstari mmoja. Sasa DJ anakuja anaweka "afande" kwenye kila kinywa, hadi kuruta kwa kuruta mwenzake! Ukishafanya hivyo umeifuta filamu. Kuruta, koplo, sajini, luteni: maneno yote yapo, vijana waliopita JKT wanayajua. Ulizeni.

Halafu mnauza nakala ya dakika 91. Hiyo ni ile iliyopunguzwa kwa soko la Marekani na kuitwa The Immortal Battalion. Filamu kamili ni dakika 115. Dakika 24 zimeliwa kabla hata DJ hajagusa kitu, na juu yake lebo mnaandika "full". Ukikuta ni dakika 110 usiogope, hiyo ni nakala ya televisheni za Ulaya inayokimbia fremu (picha) 25 kwa sekunde badala ya 24.

Fremu hizohizo ndizo zinazoharibu maandishi ya chini. Mnachukua maandishi ya nakala ya fremu 25 mnayabandika kwenye ya fremu 24: kila dakika yanatangulia karibu sekunde mbili na nusu, ikifika saa moja yako mbele karibu dakika mbili na nusu. Kuyasogeza nyuma hakutibu, maana yatatangulia tena. Fungua programu ya Subtitle Edit, badilisha fremu kutoka 25 kwenda 23.976 (ndiyo hiyo 24 ya kwenye faili nyingi), hifadhi. Ni kazi ya dakika moja, na mnalipwa kwa kazi hiyo.

Sauti nayo. DJ akiongea, shusha sauti ya filamu kama desibeli 12, akinyamaza irudishe. Nyie mnaizima moja kwa moja. Ile ya Kijerumani ya 2022, All Quiet on the Western Front, mwanzoni sare za waliokufa zinavuliwa, zinafuliwa, zinashonwa matundu kwa cherehani, zinarudi kwa vijana wapya. Kijana Paul, mhusika mkuu, anakuta ya kwake ina jina la mtu mwingine, ofisa anaichana lebo na kumwambia huenda ilikuwa ndogo kwa mwenyewe. Sehemu ile inataka mlio wa cherehani usikike. DJ anapiga soga juu yake mwanzo mpaka mwisho! Na anasema vijana "wamekamatwa kupelekwa vitani". Hawakukamatwa. Walijiandikisha wenyewe kwa jazba ya mwalimu, Paul akaghushi sahihi ya mzazi. Kujiandikisha na kuandikishwa kwa lazima ni vitu viwili, na filamu hizi zinaishi katika tofauti hiyo.

Kuhusu kurundika muvi 10 kwenye DVD moja ya GB 4.7: kila moja haifiki hata MB 470. Mahandaki na usiku vinageuka madoa ya mraba. Bora tatu zinazoonekana.

Tunachotaka: andikeni dakika kwenye lebo, acheni mafunzo yote yalivyo, na msizime kabla ya maandishi ya mwisho. The Way Ahead haiishii na "The End", inaandika "The Beginning", wanaume wale wakiingia kwenye moshi. Hata hiyo mnaikata.

Duka lolote Moshi au Arusha lenye ile ya dakika 115 litajwe hapa chini.