Kipimo kinasema virusi havionekani, ila tumbo halitulii. Nifanyeje?

Jinzi_Kali
Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, nauza mitumba pale Memorial. Huu ni mwaka wa tatu natumia TLD, dawa ya VVU, sijawahi kuruka dozi, virusi havionekani na CD4, zile chembe za kinga, imepanda. Shida ni tumbo. Linajaa gesi, linanguruma mpaka mteja anageuka, halafu naharisha. Siku tatu nzuri, ya nne naharibikiwa. Choo cha kulipia ni 200, jana peke yake kimenila buku. Ninakochukulia dawa nimeambiwa majibu ni mazuri, nipunguze mawazo. Mawazo gani ya kunikimbiza nimwache mteja na suruali mkononi?

Mti_Dume
Pole dada. Kuna mizizi inasafisha utumbo wote, njoo PM.

Bibi_wa_Pasua
Mti Dume hebu tupishe, utumbo si sufuria. Mwanangu, usinywe kitu hicho.

Darubini
Nimefanya kazi maabara miaka mingi. Dada, hayo si mawazo tu.

Kirusi hakiingii seli yoyote kinayokutana nayo. Kinashika kwanza kipokezi, yaani kishikio juu ya seli, kinachoitwa CD4, kisha kinatafuta cha pili, mara nyingi CCR5. Chembe za kinga zenye vyote viwili zimejazana kwenye ukuta wa utumbo kuliko kwenye damu. Ndani ya wiki chache tu za maambukizi, mtu hata hajajijua, nyingi huko zinakuwa zimeteketea. Ile CD4 unayosomewa kliniki ni hesabu ya chembe hizo kwenye damu. Ya utumbo hupanda polepole, na kwa wengine hairudi yote hata dawa ikifanya kazi vizuri.

Wewe ni mtu wa Moshi, fikiria ua wa masale uliotobolewa na mbuzi. Ukuta wa utumbo ukilegea, vipande vya bakteria vinapenya mpaka kwenye damu na kinga inakesha macho. Na vile vinyweleo vya utumbo vikichakaa, sukari ya maziwa haisagiki, inabaki kuwa gesi. Chai ya maziwa unakunywa?

Ila usiubebeshe utumbo kesi yote kabla ya kupima choo. Vimelea kama Giardia na amiba vinaweza kumpata mtu yeyote. Waombe watafute na kimelea kingine, kriptosporidia, maana kipimo cha kawaida hukikosa kirahisi, kinahitaji rangi yake maalumu. Ukiona damu, homa au uzito unashuka, usisubiri tarehe ya kliniki.

Jinzi_Kali
Chai ya maziwa asubuhi na saa kumi, vikombe vikubwa. Uzito haujashuka, damu sijaona. Gesi ikizidi natafuna vile vidonge vya kiungulia, viwili usiku pamoja na dozi yangu, nalala.

Darubini
Hapo umenishtua. Pakiti imeandikwaje?

Jinzi_Kali
Magnesiamu na alumini.

Darubini
Basi tumepata mmoja wa washukiwa. Magnesiamu yenyewe inalainisha choo, unajitibu huku unajiharisha. Na kubwa zaidi, madini hayo yanaikamata dawa moja iliyomo kwenye TLD tumboni, isiingie mwilini inavyotakiwa. Meza TLD masaa mawili kabla ya hivyo vidonge, au masaa sita baada yake. TLD usiiache hata siku moja. Na kliniki waambie kila unachotafuna, hata kama hawajauliza.

Kijana_wa_Rau
Mimi maziwa yalinitesa hivyohivyo. Niliacha wiki mbili, nikarudi na mtindi kidogo kidogo. Mtindi unanikubali, maziwa yenyewe mpaka leo tumegombana.

Bibi_wa_Pasua
Na mtori usiweke maziwa kwa sasa. Maji ya chumvi na sukari yasikauke mezani.

Jinzi_Kali
Asanteni sana, bibi shikamoo. Vidonge nimempa jirani wa meza, naye ana kiungulia. Jumanne napeleka choo. Darubini, sampuli niipeleke ya asubuhi au hata ya usiku?

Darubini
Ya asubuhi hiyohiyo, ikiwa mbichi. Na jirani muulize kwanza kama kuna dawa anazotumia.