Dipoziti ya nyumba ikae kwa nani?

Mpangaji Kireka: Nimehama mwezi jana. Dipoziti yangu ya shilingi 350,000 imeliwa yote: rangi, kitasa, "usafi". Risiti hata moja sijaonyeshwa. Mwenye nyumba ndiye anayedai na ndiye anayehukumu. Kwa nini pesa hiyo isiwekwe kwa LC1, mwenyekiti wa kijiji hapa Uganda, na siku ya kuhama nyumba ikaguliwe na wote watatu?

Mama Vyumba: Kwa LC1! Huyo anayetaka chai ndipo agonge muhuri kwenye barua ndiye akutunzie pesa? Nina vyumba Bweyogerere, na dipoziti hazitoshi kitu. Mnapikia makaa ndani hadi dari inakuwa nyeusi tii, halafu mnauliza rangi ya nini.

Kijana wa Kisenyi: "Mnapikia" nani, mama? Umejenga chumba bila jiko, hata baraza hakina. Mvua ikinyesha sigiri niiweke kichwani?

Mama Vyumba: Gesi ipo.

Kijana wa Kisenyi: Maharage kwa gesi 😂 Utanijazia mtungi wewe?

Mzee Sheria: Turudi kwenye hoja. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inataka mkataba uwe wa maandishi ukifika thamani ya shilingi 500,000. Na deni lisilozidi milioni 10 linasikilizwa kwa utaratibu wa madai madogo, bila wakili. Kadai.

Mpangaji Kireka: Mkataba ninao, mzee. Ukurasa mmoja: "Mpangaji arudishe nyumba kama alivyoikuta." Niliikutaje? Hakuna aliyeandika. Kitasa chenyewe nilikikuta kimefungwa kwa waya.

Fundi Rangi: Mimi napaka hizo nyumba. Mara ngapi nimepaka ukuta mmoja, nikaambiwa niandike risiti ya chumba kizima!

Mama Vyumba: Sasa tumekuwa wezi?

Fundi Rangi: Sijakutaja, mama. Mbona umeruka?

Mama Vyumba: Na wewe uliyeandika risiti ya uongo unaitwaje?

Dada Makindye: 🔥 Fundi, jibu hilo. Mimi sina haja ya LC1 wala mahakama. Mwezi wa mwisho silipi kodi, namwambia akate kwenye dipoziti. Tumemalizana.

Mama Vyumba: Na bili ya maji uliyoacha nimkate nani? Ndiyo maana wengine tunataka kodi ya miezi mitatu mbele.

Kijana wa Kisenyi: Miezi mitatu kwa chumba ambacho maharage ni marufuku.

Mama Vyumba: Loweka usiku, kijana. Yakilowekwa yanaiva upesi, hata kwa gesi.

Dada Makindye: Hapo mama kasema kweli, mimi huloweka.

Kijana wa Kisenyi: Maji ya kulowekea nayo mtayakata kwenye dipoziti?

Fundi Rangi: Ya njano hayahitaji kulowekwa.

Dada Makindye: Nani kakudanganya? Ya njano ndiyo sugu kuliko yote!