Nyumba Bamburi yataka kupigwa mnada: niiombe benki, nihamishe deni au niende kortini?

Mwana_wa_Kisauni: Assalaam aleikum wanajamii. Nina nyumba Bamburi iliyo na mkopo, na tangu kazi ya malori ishuke nimekuwa nyuma kwa malipo. Sasa nimeletewa barua. Nasikia njia ni tatu: benki ipange upya mkopo, benki nyingine ilichukue deni, ama niweke zuio mahakamani, yaani amri ya kusimamisha mnada. Ipi itanibakishia nyumba?

Bi_Tudor: Waaleikum salaam. Barua gani, ndugu yangu? Ya benki au ya dalali? Mwaishi humo au mmepangisha? Deni ni kiasi gani na nyumba yauzika ngapi? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Karani_Mstaafu: Bi Tudor amenena. Kwa Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, ukipitisha mwezi hujalipa, benki hukupa notisi isiyopungua miezi mitatu, kifungu cha 90. Ikiisha, inakuja ya siku 40, kifungu cha 96. Halafu dalali naye anatoa yake ya siku 45. Kama uko kwenye ile ya kwanza, mwombe meneja wa mikopo kwa maandishi, useme utalipa nini na lini, na uende na chochote mkononi. Mimi napendelea hiyo kuliko zote.

Likoni_Feri: Benki zina huruma gani? Aende kortini.

Mama_Mikindani: Korti msiisifu ovyo. Shemeji yangu alikwenda. Wakili alimwambia kesi ni nyepesi, kwa kuwa notisi hakuipata. Kumbe benki ilikuwa imeituma kwa rejista kwenye sanduku la posta aliloandika alipokopa, sanduku la kazini alikoacha zamani. Stakabadhi ya posta ikatolewa mbele ya jaji, basi hoja ikafa. Zuio alipewa, lakini kwa sharti aweke sehemu ya deni ndani ya muda fulani. Pesa zenyewe zilikuwa zimekwisha kwa wakili! Muda ukapita, zuio likaanguka, na riba muda wote ilikuwa yapanda. Nyumba ikauzwa. Dada yangu alitoa makabati ya jikoni kwa mikono yake ili wasimwachie mnunuzi. Mpaka leo sipiti barabara ile.

Likoni_Feri: Pole dada. Lakini riba nayo ina kikomo. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki: mkopo ukishaharibika kwa kutolipwa, riba haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwapo siku hiyo. Aitishe hesabu yote aipitie.

Maalim_Kizingo: Ndiyo maana twasema tuepuke riba. Ahamie benki ya Kiislamu, murabaha: benki yanunua kitu na kukuuzia kwa faida iliyotajwa tangu mwanzo, bila riba.

Bi_Tudor: Maalim, kwa heshima, huko pia hati inashikwa, na usipolipa inauzwa. Na benki yoyote itamtazama CRB kwanza, wale wanaoweka rekodi za wakopaji. Akishaandikwa huko, nani atamchukua?

Maalim_Kizingo: Inauzwa, ndiyo, lakini deni halizai kila mwezi. Hilo si dogo.

Mwana_wa_Kisauni: Samahani kwa kuchelewa. Barua ni ya siku 40. Twaishi humo. Mkopo ulikuwa wa kununua lori la pili, nyumba ikawa dhamana. Sikumbuki kama mke wangu alitia sahihi.

Karani_Mstaafu: Hilo ungelisema mwanzo! Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila sahihi au ridhaa ya mke, kifungu cha 79. Kachukue nakala ya hati ya rehani kesho.

Mama_Mikindani: Amuulize mkewe kwanza, anaishi naye. Akiwa alitia sahihi, wasiende kuapa uongo.

Bi_Tudor: Na hilo lori lililosimama, kwa nini lisiuzwe? Likishindikana, uza nyumba mwenyewe kwa idhini ya benki. Kifungu cha 97 chataka benki itafute bei nzuri, na ikiuza chini ya bei ya soko kwa robo au zaidi itabidi ijieleze. Lakini mnunuzi wa mnada analindwa, wewe utabaki kudai fidia.

Likoni_Feri: Auze lori ale nini? Bei za malori sasa ni za kutupa.

Maalim_Kizingo: Si zote. Tela peke yake bado lina wateja. Ni la ekseli ngapi?

Mwana_wa_Kisauni: Tatu. Mke wangu asema aliwahi kutia sahihi karatasi fulani, hajui ya nini. Naenda kwa benki kuiona.

Likoni_Feri: Tela la mwaka gani, na liko wapi? Nina mtu Changamwe anatafuta.