Kijerumani: mwanamke anaandikaje jina la kazi yake?

BintiNgamiani: Habari wadau, niko Tanga najifunza Kijerumani nataka kuomba mafunzo ya unesi Ujerumani, sasa kwenye barua nimeandika mi ni Lehrer maana nafundisha praimari, dada mmoja kaniambia hapana we mwanamke andika Lehrerin. Ni lazima kweli? Mbona Kiingereza teacher ni teacher tu

MzeeRaskazone: Lazima mwanangu. Kazi nyingi mwanamke anaongezewa -in mwishoni na nyingine irabu nayo inageuka, Arzt daktari wa kiume, wa kike Ärztin. Hata Angela Merkel alipoingia madarakani 2005 ndo wakawa na Bundeskanzlerin, yaani kansela mwanamke anayeongoza serikali, wa kwanza, kabla yake wote wanaume.

nesi_chumbageni: Hapo kwenye unesi kuwa makini dada, zamani wa kike aliitwa Krankenschwester, yaani sista wa wagonjwa, jina ambalo mi binafsi silipendi kabisa maana linaficha kwamba tumesomea, tangu 2020 mafunzo mapya unatoka Pflegefachfrau na mwanaume Pflegefachmann. Tangazo likiwa na m/w/d ni mwanaume, mwanamke, na jinsia nyingine inayotambulika kisheria kule.

kaka_wa_pongwe: Kiingereza kilikuwa na stewardess, mhudumu wa kike wa ndege, ila wanaziacha hizo, wanaona usawa ni jina moja kwa wote, Wajerumani wengi wao wanaona usawa ni mwanamke atajwe. Sisi muuguzi ni muuguzi, raha sana

BintiNgamiani: Asanteni mno, shikamoo mzee, narekebisha barua usiku huuhuu