Mjadala: Nikinyamaza, nihesabiwe nimekubali kutoa viungo vyangu?

Mleta mada

Wakuu, naileta hoja hii nikijua itawachoma baadhi yenu. Nataka sheria iseme hivi: mtu mzima akifa, ahesabiwe alikubali viungo vyake vichukuliwe kuokoa wagonjwa, isipokuwa kama aliandikisha mapema kwamba hataki. Ukikataa, hakuna wa kukuuliza sababu. Ukinyamaza, umekubali.

Mwili mmoja unaweza kuokoa hadi watu 8: figo mbili, mapafu mawili, moyo, ini, kongosho na utumbo. Hapo sijagusa konea za macho, ngozi ya kuwafunika walioungua, vali za moyo, mifupa na kano. Vyote hivyo tunavifukia ardhini au kuvichoma moto. Upande wa pili kuna mtu analazwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, kila mara saa nne hivi, akisubiri simu ambayo huenda isilie.

Waulize watu kama wangependa kusaidia baada ya kufa, wengi watasema ndiyo. Waulize nani amejiandikisha, utaona wanavyoangaliana. Si roho mbaya hiyo. Nani anaamka asubuhi akapanga kifo chake? Basi sheria isimame upande wa yule anayesubiri. Austria wanayo tangu 1982, Singapore 1987, Wales 2015, England 2020. Sisi tunaogopa nini? Hoja ijibiwe kwa hoja.

Kibatari

Mleta mada, napinga. Kunyamaza ni kukubali pale ulipoulizwa. Hata binti anayeposwa, kimya chake huhesabiwa idhini, lakini kaulizwa! Yuko hai, amesikia, na akitaka anaweza kuguna. Wewe unataka kimya cha mtu ambaye hakuwahi kuulizwa chochote, tena utakisoma akiwa hawezi kukurekebisha.

Na hilo daftari la kukataa, nani atalijua? Msomi mwenye intaneti atajiandikisha jioni hiyohiyo. Asiyesoma gazeti la serikali ndiye atakayekuwa "amekubali". Halafu angalia neno lenyewe: kutoa. Kilichochukuliwa hakijatolewa. Sheria yako inageuza sadaka kuwa kodi.

Brazil walijaribu. Walipitisha sheria ya namna hii mwaka 1997. Watu wakashikwa na hofu, wakapanga foleni kuandikiwa kwenye vitambulisho vyao kwamba wao si wachangiaji, na madaktari wenyewe waliendelea kuwauliza ndugu kwa sababu hakuna aliyethubutu kupasua mtu mbele ya mama yake analia. Mwaka 1998 sheria ikarudishwa nyuma.

Sina Haraka

Mimi swali langu ni dogo na najua wengi wanalo ila wanaona aibu. Daktari akijua nimekubali, si atanikatia tamaa mapema?

Zamu ya Usiku

Sina Haraka, huna haja ya kuona aibu. Nimefanya kazi ya uuguzi chumba cha wagonjwa mahututi miaka mingi na swali hilo huulizwa kila mara, mara nyingi kwa macho tu.

Anayekutibu hahusiki na upandikizaji. Ndiyo kanuni katika nchi zenye utaratibu huu: daktari atakayepandikiza haruhusiwi kushiriki kuthibitisha kifo chako, na kwa kawaida mazungumzo ya viungo huja baada ya jitihada zote kufika mwisho. Tena viungo vya mtu aliyetelekezwa havifai. Moyo uliokaa bila damu ya kutosha haumsaidii mtu.

Kinachowachanganya watu ni kifo cha ubongo, na siwalaumu. Ubongo ukivimba ndani ya fuvu, damu inashindwa kupanda. Shina la ubongo likifa, mtu hatavuta tena pumzi mwenyewe, kamwe. Lakini moyo una umeme wake. Ukipata oksijeni kutoka kwa mashine, unaendelea kudunda kwa muda. Kwa hiyo unashika mkono wa ndugu yako, ni wa moto, kifua kinapanda na kushuka, halafu sisi tunakwambia amefariki. Nani angeamini mara moja?

Ndiyo maana vipimo ni vingi. Kwanza tunahakikisha hakuna dawa ya usingizi mwilini na mwili haujapoa kupita kiasi. Halafu mboni zinamulikwa, jicho linaguswa, maji ya barafu yanatiwa sikioni, koo linachokozwa kama litakohoa. Mwisho pumzi ya mashine inasimamishwa kwa dakika kadhaa ili hewa chafu ipande kwenye damu. Ubongo wenye uhai hata kidogo utalazimisha kifua kivute pumzi. Mtu aliye katika koma ni habari nyingine kabisa, ubongo wake unaishi, na hakuna anayemgusa.

Niongeze jambo ambalo kampeni hazisemi. Wengi wenu mnagombana juu ya kitu ambacho hakitawafika. Uingereza, katika kila vifo 100, ni kimoja hivi kinachotokea katika hali inayoruhusu kutoa viungo, kwa sababu lazima ufie hospitalini huku viungo vikiendelea kupata oksijeni. Moyo ukishatolewa una takriban saa nne. Figo ndiyo mvumilivu, huweza kupita siku nzima kwenye baridi.

Konea ni tofauti. Ni kile kioo cha mbele ya jicho, hakina mishipa ya damu, kwa hiyo kinaweza kutolewa saa kadhaa baada ya moyo kusimama, na mara nyingi hakuna haja ya kulinganisha damu. Mzee anayevaa miwani anaweza kutoa. Ni upasuaji wa zamani pia: Eduard Zirm alifanikiwa kupandikiza konea mwaka 1905, karibu nusu karne kabla ya figo ya kwanza. Kama mnataka pa kuanzia, anzieni hapo. Na mwili hufungwa vizuri, uso hautofautiani, mnaaga na kuzika kama kawaida.

Jicho la Jirani

Nasoma maandishi haya kupitia konea ya mtu nisiyemjua. Sijui alikuwa mwanamume au mwanamke. Niliiandikia familia yake barua isiyo na jina, hospitali ikaifikisha. Aya tatu, zilinichukua miezi mitano. Sikujibiwa na sidai.

Kwa mleta mada: mimi nafaidika na hoja yako kuliko mtu yeyote hapa, lakini ningejisikia vibaya kujua kwamba hakuulizwa. Sijui kama hiyo ni hoja. Ni hisia tu, ila naamka nayo.

Soko Huria

Mnazunguka sana. Lipeni watu. Kila anayehusika kwenye upasuaji ule analipwa, kasoro mwenye figo.

Mpiga Hesabu

Soko Huria, Iran wana mfumo halali wa kumlipa aliye hai atoe figo, tangu miaka ya 1980 mwishoni. Kajiulize nani anauza. Sijasikia tajiri akiuza figo alipe deni. India ilipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya mwaka 1994, na mwaka 2008 wataalamu kutoka nchi nyingi walikutana Istanbul wakatoa azimio dhidi ya biashara ya viungo na safari za kwenda kuvinunua kwa maskini wa nchi nyingine. Mkataba ambao upande mmoja una njaa si mkataba.

Ila sina ugomvi na mtu aliye hai anayempa ndugu yake. Figo ya kwanza iliyofanikiwa, Boston, Desemba 1954, ilitoka kwa pacha. Ronald Herrick alimpa Richard, aliyeishi miaka minane zaidi na kupata watoto. Ronald mwenyewe aliishi na figo moja hadi 2010. Joseph Murray aliyempandikiza Richard figo hiyo alipata Nobel mwaka 1990.

Bint Mwalimu

Kabla mtu hajaja na "dini imekataza": Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu upandikizaji kwa masharti, na likakataza kuuza. Papa Yohane Paulo wa Pili alizungumza na madaktari wa upandikizaji Roma mwaka 2000, akaunga mkono, naye akasisitiza idhini. Wapo wanazuoni wanaopinga, hasa kwenye suala la kifo cha ubongo, nao wasikilizwe. Lakini anayetaka kukataa akatae kwa jina lake, asijifiche nyuma ya kitabu.

Mleta mada

Kibatari, Brazil umenibana. Lakini Hispania je? Sheria yao ya mwaka 1979 inasema hivyohivyo ninavyosema mimi, na ndio vinara wa dunia mwaka hadi mwaka. Mwaka 2017 walipata karibu wachangiaji 47 waliofariki kwa kila watu milioni.

Mpiga Hesabu

Umesoma tarehe ya sheria ukaruka tarehe nyingine, mkuu. Sheria ilitoka 1979 na kwa miaka kumi haikuleta maajabu. Mwaka 1989, wakati wanaunda shirika lao la taifa la upandikizaji, walikuwa na wachangiaji 14 hivi kwa milioni. Kilichobadilika baada ya hapo ni watu. Kila hospitali ikawekewa mratibu, mara nyingi daktari wa wagonjwa mahututi, aliyefundishwa kumtambua anayeweza kutoa na kukaa na familia bila kuangalia saa. Na familia huulizwa siku zote. Wakikataa, basi.

Mimi ningechukua njia ya Israel. Sheria yao ya mwaka 2008 inampa aliyejiandikisha kutoa kipaumbele fulani akija kuhitaji yeye. Mbuzi wa bure asizoeleke.

Zamu ya Usiku

Mpiga Hesabu, mgonjwa ni mgonjwa. Siku nitakapomwambia mama wa watu "usogee nyuma, hukujaza fomu" nitaacha kazi.

Na msiichezee foleni ile. Ujerumani mwaka 2012 iligundulika madaktari walighushi taarifa ili wagonjwa wao wapande juu kwenye orodha ya kusubiri ini. Wachangiaji wakapungua nchi nzima.

Mama Mapacha

Nimekaa nimewasoma tangu jana. Mdogo wangu aliumia kichwa kwenye ajali. Siku ya tatu wakatuambia vipimo vimekamilika. Baadaye akaja dada mmoja, mpole kabisa, akakaa, akatuuliza. Yeye alikuwa mpole. Swali halikuwa pole.

Hatukuwahi kuzungumza naye jambo hilo, hata kwa utani. Baba akasema asipasuliwe. Shangazi akatoka nje. Mimi ndiye niliyesema ndiyo, kwa sababu tu nilikumbuka alikuwa hawezi kumwona mtu amekwama barabarani akampita. Huo ndio ushahidi nilikuwa nao. Baba aliniacha niseme, hakubisha. Miaka sita sasa hatujawahi kulitaja.

Moyo wa kwanza kupandikizwa, Cape Town, Desemba 1967, kila mtu anamjua Christiaan Barnard, daktari aliyeupandikiza. Mimi huwa namfikiria Edward Darvall. Ajali moja ilimuua mke wake palepale, na binti yake Denise, miaka 25, hakuwa na matumaini. Madaktari wakamwomba moyo wa binti. Inasimuliwa alichukua dakika nne kukubali. Aliyepokea, Louis Washkansky, aliishi siku 18. Dakika zile nne nazijua.

Kwa hiyo mleta mada, sheria yako ingekuwepo au isingekuwepo, yule dada angekuja kuuliza tu. Mnabishana kama watu waulizwe. Wataulizwa. Ni lini na nani, hilo ndilo lililobaki.

Kibatari

Pole sana, dada. Sina la kuongeza.

Mleta mada

Pole, Mama Mapacha. Nafuta nusu ya niliyoandika. Kunyamaza kusihesabiwe. Badala yake kila mtu aulizwe angali hai, mathalani anapochukua leseni au kitambulisho, na alazimike kujibu: ndiyo, hapana, au mwamuzi wangu ni fulani.

Kibatari

Tunakaribiana. Lakini Texas kule Marekani walilazimisha jibu kwenye leseni za udereva miaka ya 1990. Wengi mno wakajibu hapana, sheria ikafutwa 1997. Mtu amesimama foleni saa mbili, amechoka, karani hamtazami usoni, anaulizwa kuhusu moyo wake. Mimi pia ningesema hapana. Hilo swali linataka kiti na muda.

Mleta mada

Kweli. Kiti na muda nilivipata jana usiku nyumbani, nikamuuliza mke wangu. Akafikiri kidogo, akasema: "Figo chukueni, ini chukueni, moyo pia. Macho acheni."

Nikashangaa, maana baada ya maelezo ya sista hapo juu niliona macho ndiyo rahisi kuliko vyote. Nikamuuliza, kwa nini macho?

Akaniambia, "Si wewe uliyeandika kwamba mtu akikataa haulizwi sababu?"